Siku Niliyomwombea Radhi Mtani

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya kutembeza familia hapa Tabora lilikuwa kuomba radhi. Sikumpoteza mtoto wa mtu msituni, sikumlisha mtu uyoga wa sumu, wala gari halikuwazimikia wageni wangu porini. Niliomba radhi tu, kwa sauti ya upole na mkono kifuani, na nusura niifunge kazi yenyewe kabla haijashika mizizi.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaokuja kibandani kwangu Isevya kuniuliza kazi hii inafanywaje. Nina miaka thelathini na mbili na najiita mstaafu, mnaruhusiwa kucheka. Siku hizi nauza asali na karanga, na kutembeza watu nimewaachia wenye moyo mgumu kuliko wangu. Sikusomea utalii popote. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wa mahoteli ya mbali wakionyesha namna ya kumpokea mgeni: unasimamaje, unatabasamuje, unafanya nini mgeni akikwazika. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa kuzaliwa kama mimi, video hizo hazikuwa dawa. Zilinifanya nimwone kila mgeni kama yai lililowekwa ukingoni mwa meza.

Kazi yenyewe mnaijua. Shule zikifungwa Desemba, au Idi ikikaribia, watu wa kwao wanarudi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma. Siku mbili tatu za kwanza wanazunguka kuwaamkia ndugu. Baada ya hapo watoto wameshachoka kukaa kwenye makochi ya mashangazi, baba ameshamaliza habari zake, na mama anaanza kuuliza hapa mjini kuna nini cha kuwaonyesha watoto. Bahari hatuna, milima ya kupiga nayo picha hatuna. Tuna majira. Mvua za kwanza zinaleta uyoga msituni, nyuma yake maembe, halafu karanga mbichi, halafu kiangazi chenye asali na viazi vilivyokatwa na kuanikwa, michembe ile ambayo mtoto wa Dar akiionja mara ya kwanza anadhani ni gamba la mti, na akiionja mara ya pili anaificha mfukoni.

Nilipoanza nilipanga kila kitu kwa saa. Nilikuwa na ratiba iliyochapwa, na Mama Kulwa wa Kwihara, ambaye nitamweleza sasa hivi, akanibatiza jina la Ratiba. Nilimwonyesha ratiba hiyo Bwana Jayanti, muuza sufuria na kamba pale mjini, mtu ambaye ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu enzi za babu zake. Nilitaka anisifu. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akauliza choo kiko wapi. Nikamwambia hapo sijaandika. Akanirudishia karatasi akisema familia haijaja kusoma, imekuja kukaa. Nitafute choo na kivuli kwanza, mengine yatakuja yenyewe. Nilikasirika wiki nzima. Mpaka leo, kijana akiniomba ushauri, swali langu la kwanza ni hilo la choo.

Nitawaambia na mengine madogo kabla sijasahau. Uyoga ubebwe kwenye kikapu, usibebwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unatoka jasho na kulainika kabla hamjafika nyumbani. Watoto waruhusiwe kuokota kila wanachokiona, lakini kisiingie sufuriani kitu ambacho mwenyeji hajakishika kwa mkono wake na kukikubali. Msimu wa maembe waambieni akina mama wavae nguo za zamani, kwa sababu utomvu wa embe hautoki. Siku ya kwenda kwenye mizinga, baba asijipulizie marashi. Nyuki hawapendi, na baba anayekimbia mbele ya watoto wake hatakulipa kwa furaha. Na mkiwapeleka watu matembezi ya jioni upande wa Kipalapala, kwenye utulivu wa seminari na mashamba ya jirani, msiwaambie watoto wanyamaze sana. Mimi niliwanyamazisha watoto watano kwa ukali wa kunong'ona hadi padri mmoja akatusogelea, akatupa pole, na kuuliza marehemu alikuwa nani.

Sasa Kwihara. Wengi wanakwenda kuliona lile tembe la zamani la njia ya misafara, nyumba ya udongo yenye paa bapa ambamo mzungu mmoja msafiri aliwahi kukaa. Watoto wanapapasa nakshi za mlango, wanauliza mzungu alilala wapi, na hamu imekwisha. Ndiyo maana nilimhitaji Mama Kulwa. Ni mkulima wa karanga, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, ambao wote wameshaolewa, na boma lake halikuwa mbali na tembe. Alikuwa na choo safi, kivuli, msitu nyuma ya shamba, na mdomo. Alikuwa akiwakaribisha wageni wangu kama watu aliowategemea tangu jana, anawapeleka kuokota uyoga, anawapikia kwa karanga, na watoto wanaondoka wakilia. Bila boma lile, safari yangu ilikuwa mlango wa nakshi na soda ya moto. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililonitia hofu zaidi, kwamba kazi yangu yote ilisimama juu ya mtu mmoja.

Desemba hiyo nikapata familia ya Nyamizi. Alikuwa binti wa Tabora aliyeolewa Dar, amerudi na mumewe Pazi na watoto wao wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mume kufika. Nyamizi alinipigia mapema kuniambia kwamba anataka mumewe apapende kwao, kwa sababu kule nyumbani kwa wazazi wake kila mtu anamheshimu mno, anapewa kiti kizuri peke yake na kuongeleshwa kama mkaguzi. Nikamwahidi kwamba mimi nitahakikisha hakwaziki na chochote. Hilo neno nililitoa kwenye video.

Kabila la mume sikuuliza. Kwenye video zangu hakuna anayemwuliza mgeni kabila, nami niliona ni utovu wa adabu.

Tulipofika kwa Mama Kulwa nilibaki nyuma ya gari nikihesabu kofia za watoto. Sikusikia salamu zilivyokwenda. Baadaye niliambiwa kwamba Mama Kulwa alimwuliza Pazi ametokea upande gani, naye akajibu Kisarawe, na hapo yule mama akaweka ungo chini taratibu kama mtu aliyeletewa mzigo wake uliochelewa. Nilipotokea nyuma ya gari ndipo nikamsikia.

"Kumbe Mzaramo," alikuwa akisema. "Karibu, mdaiwa. Babu yangu alibeba mzigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani, akafika kwenu akamkuta babu yako kalala chini ya mnazi, ngoma pembeni, anamwuliza umeniletea nini. Haya, leo umefika kwangu. Vua hivyo viatu, ni vyangu."

Na akainama kweli, akaanza kumvua. Viatu vilikuwa vipya, vya ngozi, vya gharama. Kimoja kikatoka. Pazi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mdomo wazi.

Ninyi mnaosoma mnajua kilichokuwa kinatokea. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani anayekuvua viatu amekukaribisha kuliko anayekupa kiti. Nami nilijua. Nimekua Tabora, nimeona msibani watani wakigaragara na kudai sanda ya marehemu, na sikushangaa. Lakini siku hiyo sikuwa mtu wa Tabora. Nilikuwa mtu wa video, na nilichokiona ni mgeni wangu akitukanwa babu yake na kunyang'anywa mali mbele ya watoto.

Nikajitia katikati. Nikamshika Mama Kulwa mkono, nikamwomba amwache mgeni. Kisha nikamgeukia Pazi, mkono kifuani, nikamwambia kwamba kwa niaba ya mwenyeji wetu naomba radhi sana kwa maneno yale, na kwamba hayatarudiwa.

Mama Kulwa alinitazama, akamtazama Pazi, akakiokota kile kiatu, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga yake, na kukiweka mbele ya mguu wa Pazi, kimenyooka kama dukani.

"Ahaa," akasema. "Kumbe nimemtukana mgeni."

Kuanzia hapo akawa mpole. Wadogo zangu, sijawahi kuogopa matusi kama nilivyouogopa upole ule. Alimwita Pazi mheshimiwa. Alileta viti, akavipangusa. Alituambia msituni kuna matope, wageni watachafuka, kwa hiyo uyoga ukaja umeshapikwa, kwenye bakuli lenye mfuniko. Watoto walikaa wameshika vijiko kama wako kwenye mtihani. Mtoto mmoja alipomwaga mchuzi, Mama Kulwa alisema hakuna tabu, kwa sauti ya mhudumu wa benki. Nyamizi hakunitazama mpaka tunaondoka.

Nilipobaki nyuma kumshukuru, Mama Kulwa alinijibu kwa ufupi kwamba familia za wiki inayofuata nisizilete, kwa kuwa yeye mdomo wake ni mchafu na hataki kuniletea aibu. Nikaanza kueleza. Alishaingia ndani.

Niliendesha mpaka tukaikaribia barabara kubwa. Nikamwambia Pazi tena kwamba nasikitika kwa yaliyompata. Ndipo akanigeukia.

"Nilikuwa na jibu," alisema. "Kaka, nilikuwa na jibu zuri sana."

Mkewe akaniuliza, taratibu kabisa, kama ninajua nilichofanya. Akanieleza kwamba tangu waoane Pazi alikuwa akisubiri siku hiyo. Babu yake alimwambia akiwa mdogo kwamba akifika Unyamwezi ajiandae, watani watamkausha. Alipofika ukweni akaheshimiwa, na mkwe haleti utani, basi akawa anasubiri atokee mtu baki wa kumtukana, hakuna. Mama Kulwa ndiye mtu wa kwanza wa Tabora aliyemwongelesha kama mtu. Na vile viatu, Nyamizi akaongeza, alivinunua Kariakoo kwa makusudi, vizuri vizuri, ili vipate kuchukuliwa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafanya kosa la pili, ambalo ni lilelile la kwanza ila lina sukari. Nilinunua sukari na sabuni, nikapanda bodaboda hadi Kwihara kumwomba radhi Mama Kulwa kwa kumwombea radhi. Nikamkuta anapalilia. Nikasema shikamoo mama.

"Marahaba, mgeni," akajibu.

Mgeni. Mimi niliyekuwa Ratiba, niliyekuwa natumwa kisimani na kutukanwa kwa miguu yangu myembamba. Alizipokea sukari na sabuni kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniuliza kama nitakunywa maji. Nikajua kwamba kadiri ninavyozidi kuwa na adabu ndivyo ninavyozidi kufukuzwa. Nilirudi mjini nikiwa nimeshaanza kutunga ujumbe wa kuzifutia zile familia nyingine safari. Tumbo liliniuma kiasi kwamba dereva wa bodaboda alisimama mara mbili kunihurumia.

Ujumbe sikuutuma kwa sababu Pazi alinipigia kabla. Alitaka nimrudishe Kwihara, yeye na familia yote. Nikaanza kumpa maelekezo ya namna bora ya kuzungumza na mwenyeji aliyekwazika. Akanikatiza. Akasema kazi yangu siku hiyo ni kuendesha tu, na tukifika nibaki kwenye gari.

Nikabaki kwenye gari, kioo nimekishusha.

Hakupiga hodi. Alipita uani kama kwake, akamwona jogoo wa Mama Kulwa anachakura kando ya jiko, akamkamata, akamweka kwapani, kisha akavuta kile kigoda ambacho Mama Kulwa hukalia yeye peke yake na kukikalia. Mama Kulwa alitoka ndani akiwa na mwiko. Nikaona uso wake ukijaribu kubaki wa upole.

"Nimekuja kuchukua faini," Pazi alisema. "Nilivuliwa kiatu kikarudishwa. Tangu lini mtani akarudisha alichochukua? Au Wanyamwezi siku hizi mmekuwa na aibu? Babu yako hakuwa na aibu. Alipoiona bahari mara ya kwanza alimwuliza babu yangu ni nani amemwaga maji yote haya, na nani atayafuta."

Mama Kulwa alisimama na mwiko wake. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Kama angesema karibu mheshimiwa, basi ilikuwa imekwisha, na mimi ningeshuka hapo na kutafuta kazi nyingine.

Akasema, "Mweke jogoo wangu chini, mla nazi wewe."

Wadogo zangu, sijawahi kusikia tusi tamu kama lile. Nililaza kichwa kwenye usukani, honi ikalia, na watoto wakashtuka wakaanza kucheka. Nilipoinua kichwa Pazi alikuwa peku, amekimbilia nyuma ya nyumba na jogoo, na Mama Kulwa anamfuata amevaa viatu vya Kariakoo, vinampwaya, anavivuta kwenye tope kwa fahari kama diwani. Jirani mmoja alipita akasimama kuuliza kuna nini. Mama Kulwa akamjibu kwamba deni la babu limeanza kulipwa. Nyamizi alikuwa amekaa chini pale pale uani, hana hata mkeka, anacheka huku anafuta macho.

Walipochoka wakakumbuka kwamba kuna mtu kwenye gari. Niliitwa. Nikasimamishwa mbele yao, na wale wawili, ambao jana yake walikuwa mheshimiwa na mwenyeji, wakawa baraza moja. Shtaka langu lilikuwa kwamba nimeukatisha msafara njiani. Hukumu ilikuwa nibebe mzigo. Nikatwishwa tenga la maembe kutoka shambani mpaka nyumbani, kichwani, bila kushika kwa mikono, kama mpagazi wa zamani. Mimi mtoto wa fundi cherehani wa Isevya, ambaye sijawahi kubeba hata ndoo kichwani. Maembe yalianguka tangu hatua za kwanza. Watoto wa Pazi walinifuata nyuma wakiokota na kuimba wimbo waliojitungia wenyewe kuhusu Ratiba, na kila embe lililoanguka Mama Kulwa alisema ndiyo maana babu yake hakuchukua watu wa mjini.

Tulipofika nyumbani na tenga nusu tupu, nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Nilikuwa nimekosea mbele ya watu wote, kwa uwazi, na hakuna aliyekwazika. Nilianza kusema samahani kwa maembe yaliyopondeka. Mama Kulwa akaniwekea mkono mdomoni, mkono wenye harufu ya vitunguu.

"Sikiliza, Ratiba," alisema. "Mtani akitukana, usimwombee radhi. Ukimwombea radhi umesema amekosea. Na akishakosea, amekuwa mtu baki. Hapo ndipo unapotuvunja."

Halafu akanituma kisimani, na kunikumbusha habari za miguu yangu.

Siku hiyo tulikwenda msituni, matope na yote. Jogoo alirudishwa kwa mkopo, hivyo ndivyo Pazi alivyosema, kwamba ni wake ila anamwachia Mama Kulwa amlishe. Viatu havikurudi. Pazi aliingia mjini Tabora amevaa kandambili za mume wa Mama Kulwa, na mkewe alimpitisha makusudi mbele ya nyumba ya wazazi wake ili wamwone. Familia za wiki iliyofuata zilikwenda kama zilivyopangwa.

Nilidumu kwenye kazi kwa misimu kadhaa baada ya hapo, na sikupona wasiwasi, msije mkadhani. Niliendelea kuhesabu kofia. Lakini nilijifunza kuuliza. Familia ikiniita, baada ya habari ya choo, nilikuwa nauliza baba ni wa wapi na mama ni wa wapi, kwa mdomo mpana kama wazee wanavyouliza, na nikigundua mtani nampigia Mama Kulwa mapema ili ajiandae. Mzigua mmoja alifika akakuta amefungiwa njia kwa kamba na anadaiwa ushuru wa karanga. Mgogo mmoja alilala kwenye njia ya kisimani akakataa kuondoka mpaka apewe embe lililomenywa. Mara zote nilisimama kando, mikono mfukoni, na mara zote moyo ulinidunda, na mara zote sikusema neno.

Wageni wasio watani pia wanafika, na kwao Mama Kulwa ni mwenyeji mwema kama wenyeji wengine. Msiwadanganye kwamba watatukanwa, wakaja kusubiri bure.

Basi kilichobadilika ni hiki. Ratiba iliyochapwa haipo tena. Familia siku hizi zinampigia Mama Kulwa mwenyewe, bila kupitia kwangu, na anawatukana wale anaoruhusiwa kuwatukana. Mimi nipo kibandani Isevya, na tumbo haliniumi.